Nguzo ya Sita ya Banda la Stesheni

Juma la zamu yetu lilipofika, mimi na mama tulishuka mlima kutoka Vugiri alfajiri, matenga ya pichi kichwani, mpaka Korogwe mjini. Njia nzima tulizungumza Kishambaa. Tukishafika bondeni tulihamia Kiswahili, maana wateja wetu walikuwa watu wa kila namna: Wazigua kutoka Handeni, vibarua wa mkonge, na abiria wa treni waliokuwa wakishuka mbiombio kununua matunda huku wakitazama nyuma wasije wakaachwa. Tulifikia kwa shangazi yangu, na kila asubuhi tulikwenda kufungua banda.

Banda hilo nilieleze vizuri, maana ndilo lililoniumbua. Lilikuwa na nguzo sita za miti, paa la mabati na meza ndefu ya mbao, nalo lilitazama mlango wa stesheni. Kwa mwuza matunda hapakuwa na mahali pazuri kupita hapo. Familia nane za kwetu mlimani zililijenga kwa pamoja mwaka wa sitini na nne, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kulijenga peke yake. Kila familia ilikuwa na juma lake. Majuma manane yakiisha, zamu ilianza upya.

Siku ya kupokezana kulikuwa na desturi. Anayetoka alishika mpini wa jembe na kugonga kila nguzo, chini, usawa wa goti. Anayeingia alisikiliza. Nguzo nzima hulia kavu. Iliyoliwa na mchwa hulia nzito, ya uvungu. Anayeingia akiridhika alisema, "Nimepokea salama," na tangu neno hilo limtoke, kasoro yoyote ni yake na matengenezo yote ni juu yake. Wakubwa walitunga sheria hiyo kwa sababu walikuwa wamechoka kugombana.

Mwaka ninaousimulia ni 1967. Mimi na jirani yangu Yuditha tulikuwa tumemaliza darasa la nne, na sote wawili tulichaguliwa kwenda darasa la tano, shule ya bweni. Siku zile kuchaguliwa halikuwa jambo dogo. Katika watoto arobaini tulipita sita tu. Utadhani nilifurahi. Nilifurahi kweli, mpaka niliposikia kwamba na Yuditha amepita.

Sikufichi, nilimwonea Yuditha wivu. Kwenye kwaya yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Mwalimu alimwita kwa jina lake. Mimi aliniita "wewe binti Hiza". Baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na kila mwisho wa mwezi alirudi na kitu kwenye karatasi. Na baya kuliko yote, Yuditha hakuwa na maringo hata kidogo. Angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha zangu.

Basi mwaka huo juma la kuelekea Krismasi likawaangukia akina Yuditha. Ndilo juma ambalo kila familia ilikuwa ikiliomba, maana treni hujaa wasafiri na hata ndizi iliyopondeka hupata mnunuzi. Mama Yuditha alikuwa ameshatangaza kwamba fedha za juma hilo zitamnunulia binti yake sanduku la shule, blanketi na viatu. Juma letu lilitangulia lao, na mvua ilinyesha siku nne kati ya sita. Abiria walinunua wakiwa madirishani, au hawakununua kabisa. Pichi zikaanza kuoza. Mpaka Ijumaa mama alikuwa amepata shilingi kumi na tatu za shule yangu, za kuongeza kwenye thelathini na tano zilizokuwa nyumbani.

Jumamosi asubuhi baba alituma mtu kusema kwamba mdogo wangu ana homa kali. Mama akajifunga kanga kiunoni.

"Dorkasi, mimi napanda," akasema. "Mama Yuditha anakuja saa nne. Utamkabidhi banda wewe. Si unajua kugonga?"

"Najua, mama."

"Usiruke hata nguzo moja."

Alipoondoka nikachukua mpini nijaribu kwanza peke yangu, ili nisije nikaaibika. Nguzo ya kwanza ikalia kavu. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, vilevile. Nikaenda kwenye ya sita, ile ya pembe ya nyuma. Ikatoa sauti nzito. Nikainama, nikabonyeza kwa kidole, na kidole kikazama mpaka katikati. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda tu.

Karakana ya fundi Mdoe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ningeweza kuvuka na kumwita. Nguzo moja na kazi yake isingezidi shilingi kumi, naye angeimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini shilingi kumi zingetoka kwetu, kwenye zile kumi na tatu. Nikasimama pale nikipiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya wivu mtupu. Yaani sisi tunyeshewe juma zima, tulipe nguzo, halafu akina Yuditha waje wavune Krismasi chini ya banda zima? Nikasema moyoni, thubutu. Waipokee kama ilivyo.

Nikapanga matenga matupu kuizunguka nguzo ile, yakafika kiunoni.

Yuditha na mama yake walifika na mizigo mingi. Mama Yuditha alibaki barabarani akisimamia matenga yakishushwa kutoka kwenye mkokoteni, akamwambia binti yake apokee banda. Nikagonga nguzo tano usawa wa goti, Yuditha akitega sikio kwa kila moja. Kwenye ya sita nikanyoosha mkono juu ya matenga na kugonga juu, karibu na paa, ambako mti ulikuwa bado mzima. Ikalia kavu.

Angeniambia niondoe matenga, ningeondoa. Hakuniambia. Aliniamini.

"Nimepokea salama," akasema. Kisha akafungua kitambaa akanipa maandazi mawili. "Pole kwa mdogo wako. Kula njiani, mlima ni mrefu."

Niliyala maandazi yale. Yalikuwa matamu, na hilo nalo likaniudhi.

Siku tano sikusikia kitu, ila sifa. Kila aliyepanda kutoka Korogwe alisema akina Yuditha wanauza vizuri ajabu. Alhamisi jioni jirani mmoja akaja na habari nyingine. Upepo wa mvua ulivuma mchana, nguzo ya nyuma ikavunjika, paa likalala upande mmoja na kuvuta nguzo nyingine mbili. Matenga yote ya pichi yakapondwa, treni ikiwa imesimama stesheni.

Nitasema kweli hata kama inanishusha. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha. Nikawaza, sanduku limekwenda. Furaha ile haikudumu, maana jirani aliendelea kusema kwamba bati lilimkata Mama Yuditha begani, na kwamba ameshonwa nyuzi tisa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka mama akaniita mara tatu.

Jumamosi familia zote nane zilishuka Korogwe kwa mkutano. Tulikaa kando ya banda lililoanguka. Mwenyekiti wetu, mzee Habakuki, alimwita fundi Mdoe aeleze gharama. Fundi alikuwa amekagua kila kitu: nguzo tatu, boriti, mabati tisa mapya, misumari na kazi yake.

"Shilingi mia tatu na ishirini," akasema. "Nimejaribu kupunguza, wazee wangu. Haipungui."

Kwa mkulima wa siku zile fedha hizo zilikuwa mavuno ya kahawa ya mwaka.

Fundi akainua kipande cha nguzo ya sita. "Huyu mchwa hakuanza jana. Mtu yeyote aliyeigonga chini angesikia."

Macho yote yakamgeukia Yuditha.

Mzee Habakuki akauliza kwa upole, "Binti, ulisema umepokea salama?"

"Nilisema, babu."

"Na nguzo zote ziligongwa?"

Yuditha alinitazama, kisha akatazama chini. "Ziligongwa zote sita," akasema. "Labda mimi sikusikiliza vizuri. Nilikuwa na haraka ya kuanza kuuza. Kosa ni langu."

Mama Yuditha, mkono wake umefungwa shingoni kwa kitambaa, akasimama. "Sheria tunaijua. Tuna shilingi tisini tulizouza kabla ya Alhamisi. Chukueni hizo. Zilizobaki hatuna, kwa hiyo chukueni na juma letu, muipe familia nyingine. Na binti yangu atakaa nyumbani mwaka huu."

Alisema hayo bila kulia. Yuditha ndiye aliyekuwa akilia, kimya kimya, akijifuta kwa mkono wa gauni. Mimi niliyetamani juma zima kumwona hivyo, nilimwona, na sikuweza kuvumilia.

"Si yeye," nikasema.

Mama akanivuta. "Kaa chini, Dorkasi. Wakubwa wanaongea."

"Mama, si yeye. Ni mimi. Nguzo ilikuwa mbovu siku niliyokabidhi, nikaficha kwa matenga nikagonga juu." Nikamgeukia mzee Habakuki. "Sikutaka tulipe sisi halafu wao wafaidi. Nilikuwa na wivu."

Baba yangu, mzee Hiza, mtu asiyependa mikutano, akasimama polepole na kuvua kofia yake.

"Basi deni lote ni langu," akasema.

"Keti, Hiza," mzee Habakuki akasema. "Nawe ukifilisika tutabaki familia saba chini ya paa la familia nane. Halafu tuulizane sisi wenyewe. Banda hili lina miaka mitatu. Kila mtu amevuna juma lake, na hakuna aliyewahi kuweka hata senti kumi kwa ajili ya nguzo. Juzi tu tumeshangilia hotuba za kujitegemea, huku banda letu linaliwa na wadudu tunalitazama. Kosa la mtoto ni kubwa, lakini si yeye aliyefuga mchwa."

Walijadiliana mpaka jua likawa la kichwani. Mwisho wakaamua kwamba kila familia italipa shilingi arobaini. Sisi tutaongeza juma letu linalofuata, tuwape akina Yuditha wauze badala yetu. Na kuanzia hapo kila anayemaliza zamu ataacha shilingi moja kwa mwekahazina, ya matengenezo, mvua inyeshe au isinyeshe. Mama Yuditha atabaki na hamsini zake, na Yuditha ataenda shule.

Kwetu, shilingi arobaini zilikuwa mahali pamoja tu. Baba alizitoa papo hapo kwenye fedha za shule yangu, alizokuwa amekuja nazo. Zilibaki nane. Nilijua tayari kwamba mimi nitaenda bweni na vitu vyangu vimefungwa kwenye kanga kuukuu, bila viatu, na kwamba sitakuwa na haki ya kumlalamikia mtu yeyote.

Tulipopanda mlima baba alitangulia. Mama alikuwa nyuma yangu mpaka tulipofika mtoni. Hapo akatua tenga lake.

"Mama, niliona nawakomoa wao," nikasema.

"Najua." Akanawa uso, akakaa juu ya jiwe. "Ulipoona nguzo inaliwa, ulijiuliza ni juma la nani. Paa lile ni lako hata siku anapouza mwenzako, mwanangu. Wivu ulikufanya ubomoe chako mwenyewe, ukidhani unabomoa cha Yuditha. Kwa shilingi kumi na neno moja la kweli, Mama Yuditha asingeshonwa bega. Kuanzia leo ukiona kitu cha wote kinaharibika, useme saa ileile, hata kama atakayefaidi kesho ni mtu ambaye humpendi."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia hakutoshi. Yule mama hawezi kubeba ndoo kwa mkono mmoja. Utamchotea maji asubuhi na jioni mpaka bega lipone. Unaanza leo, hata kabla hujafika nyumbani."

Nilipofika kwa akina Yuditha nilibisha hodi nikiwa nimeinamisha kichwa. Yuditha ndiye aliyefungua. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, na yote yakanipotea isipokuwa moja.

"Nisamehe," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake bado mekundu. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Aliingia ndani, akarudi na ndoo mbili, akanipa moja, na nyingine akaishika yeye.