Pengo la Lango la Shangamu

Zama zile, kabla Mreno hajaijua njia ya kuja pwani kwetu, mji wa Shangamu ulizungukwa na ukuta wa matumbawe wenye lango moja tu la kutokea bara. Kulilinda lango hilo kulikuwa amana ya ukoo wa Bwana Famau. Babu zake walisimama pale, na yeye alisimama pale, kilemba cha hariri kichwani na kitara kiunoni. Alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, na tumbo lilimtangulia kila aendako. Yeye alisema ni kitambi cha heshima. Mkewe alisema ni cha bokoboko.

Asubuhi moja ardhi ikatetemeka na lango likalala chini. Famau akakaa juu ya kifusi akalia mbele za watu, wala hakujificha.

Malkia Mwana Mize akatoa amri. "Lirudishwe kama lilivyokuwa, jiwe kwa jiwe na nakshi kwa nakshi. Tena upesi, maana Sultani wa Kimbaji amekwisha kusikia kwamba tumekaa wazi."

Basi Shangamu ilikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, isiyokubaliana hata juu ya mwandamo wa mwezi. Ili mmoja usije ukajigamba peke yake, malkia akaigawia kazi. Juu, mtaa wa Famau, wajenge kuta za lango. Chini, wakiongozwa na Mwenye Madi, wachonge mlango wa kulifunga. Upana ni dhiraa sita, na hapo hawakubishana. Lakini dhiraa, kwa desturi ya pale, ilikuwa mkono wa mkuu wa mtaa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Famau nimekwisha kuwaambia alikuwa mrefu. Mwenye Madi, Mungu amrehemu, akiingia katikati ya mbuzi ilibidi umtafute.

Siku ya kutia mlango, pakabaki pengo ubavuni la kupita mtu.

"Mlango wako mdogo," akasema Famau.

"Mlango wangu ni dhiraa sita kamili. Lango lako ndilo lililonenepa kama mwenyewe."

"Hivi mikono hiyo, Mwenye Madi, ulipewa yote au ulipewa arbuni?"

Hakuna aliyekubali kupunguza wala kuongeza, kwani ingekuwa kuukana mkono wa mtaa wake. Wangali wanatupiana maneno, vumbi likaonekana upande wa bara. Jeshi la Kimbaji lilikuwa linakuja, ngao za ngozi ya kifaru na mikuki mirefu.

Mlango ukafungwa, komeo likatiwa, na pengo likabaki. Famau akalitazama pengo, kisha akalitazama tumbo lake. Aliogopa sana. Lakini lango la babu zake lisingechukuliwa yeye akiwa hai, akajisukumiza mle, uso nje na ngao mbele, akakwama barabara.

Wakimbaji wakapiga, wapi. Wakaona bora wamng'oe. Wakamkamata miguu wakavuta, naye akaanza kuteleza kwenda nje. Ndipo mikono miwili mifupi ilipomkumbatia tumbo kutoka nyuma.

"Mwenye Madi, unanibana."

"Nyamaza. Vuta pumzi, jaza tumbo."

Famau akajaza. Nyuma ya Mwenye Madi wakajishika Chini, nyuma yao Juu, wote wakivuta, na wanawake juu ya ukuta wakawamiminia adui mawe ya kifusi. Ilipofika jioni Wakimbaji wakachoka, wakarudi kwao wakichechemea. Famau hakutoka mle mpaka alipopakwa samli.

Malkia akaagiza pengo lizibwe. Kwa mara ya kwanza mitaa yote miwili ikakataa kwa sauti moja, naye akawaachia.

Miaka ikapita, Famau akafa kitandani kwake. Kisha kikaja kimbunga kikaliangusha lango tena, na amri ikawa ile ile, lirudishwe kama lilivyokuwa, pamoja na pengo lake. Mafundi waliyakumbuka yote isipokuwa upana wa pengo. Wakamwita Mwenye Madi, mzee sasa, anashikwa mkono. Akasimama kwenye kifusi, akainyoosha ile mikono mifupi, akakumbatia hewa.

"Hapa," akasema. "Alikuwa hivi."

Wakapima. Walipomaliza wakamwambia basi, mzee wetu, shusha mikono upumzike.

"Ngojeni kidogo," akasema Mwenye Madi, na mikono akaiacha pale pale.