Mikunjo ya Mzee Omosa

Ijumaa mjini Migori hakuna duka lenye fujo kama la kuchapa mabango ya matanga. Mazishi ni kesho, na kila mtu anataka marehemu wake ahudumiwe kwanza. Nyanchama, mchoraji wa duka hilo, katika gauni la maua na miwani inayomteleza puani, alikuwa akigombana na kompyuta. Programu ya kuchora ilikuwa imeganda.

“Usibonyeze tena, dada. Unaiongezea mzigo,” ilisema sauti nyuma yake.

“Wewe ndio daktari wake?”

“Mimi ni mmoja wa wale wanaitengeneza.”

Foleni nzima ikacheka. Lakini Mogire, kijana wa Homa Bay mwenye shati lisilojua pasi, hakuwa akitania. Programu ile ni ya bure, hutengenezwa na watu wa kujitolea, naye ni mmoja wao. Alikuja kuchukua bango la mjomba wake, akaondoka na namba ya Nyanchama.

Simu zikaanza.

“Leo nini imekukera, mrembo?”

“Kitufe cha rangi kiko mbali. Kama wewe.”

“Kitufe nitasogeza kesho. Mimi nakuja Jumapili.”

Na kweli akakisogeza. Programu ikawa nyepesi, mapenzi yakanoga.

Wakati huo Mzee Omosa, baba yake Nyanchama, alikuwa akiisha kwa ugonjwa. Alikataa kabisa kupigwa picha, ila alimruhusu binti yake amchore. Nyanchama aliketi naye na laptopu, akichora mkunjo mmoja mmoja wa uso ule. Mchoro ukawa mzito hadi kompyuta ikalemewa.

“Nimekutumia toleo jipya, mpenzi,” Mogire alimwambia kwa simu. “Ukihifadhi mchoro, linaondoa nukta za ziada kwenye mistari. Utaona spidi!”

Hakumwambia aweke nakala kwanza. Alikuwa na hamu ya kusifiwa, basi.

Mzee alipofariki, Nyanchama aliandika jina chini ya mchoro, akahifadhi kwa toleo lile jipya, akachapa. Machozi hayakumruhusu kuutazama vizuri. Pale matangani shangazi yake alilikodolea macho bango.

“Ni nani huyu mmeweka hapa?”

Mikunjo yote ilikuwa imefutika, na nakala nyingine haikuwepo. Palibaki uso laini wa mtu asiyejulikana.

Tangu hapo Nyanchama hakupokea simu za Mogire. Mogire akadhani amepata mwingine. Wivu ukamleta Migori, shati limepigwa pasi safari hii, pete mfukoni.

“Niambie tu ni nani!”

“Ni baba yangu, Mogire.” Akamfungulia ule mchoro.

Mogire akautazama, akaelewa.

“Zile nukta…”

“Uliziita za ziada. Zilikuwa baba.”

“Nisamehe, Nyanchama. Nitaondoa hiyo kitu leo leo.”

“Iache. Wenzangu wanaisifu, inawasaidia.”

“Nilikuja kukuoa.”

“Najua. Na nakupenda, sikudanganyi. Lakini nikikaa na wewe kila siku nitakuwa natafuta uso wa baba, na siwezi kuupata. Nitakuchukia. Nenda kabla sijakuchukia.”

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamnyooshea kola, akarudi kuhudumia foleni. Programu ilifunguka papo hapo. Bango la mteja likawa tayari hata kabla hajamaliza soda yake.

“Siku hizi mko haraka, dada!” mteja akafurahi.

“Ndiyo,” Nyanchama akajibu, akageukia ukuta, akalia.