Aliyeshika Mti Juu ya Jino

Asubuhi ya siku ya tisa, mpima ardhi aliweka jicho kwenye darubini akamwona Twiga, msaidizi wake, amesimama juu ya Nundu na mti wa kupimia mkononi. Akafurahi. Juzi Twiga aliteremka nyumbani akitetemeka kwa homa, na tangu hapo mpima alikuwa akiongea na sufuria.

Uwanda ule wa juu ulikuwa na vilima sita vya kupima. Wao wawili ndio waliovipa majina: Nundu, Kipara, Pacha Mkubwa, Pacha Mdogo, Jino, na cha mwisho Kituo, pale mpima alipopiga hema. Kutoka kimoja hadi kingine ni saa nzima, kushuka korongo na kupanda. Sauti haifiki, na simu inashika mtandao Kituo tu, kwa hiyo walitumia ishara. Mikono miwili juu maana yake nimemaliza, nenda kilima kinachofuata.

Mpima akapima, akainua mikono. Alipomaliza kuandika na kurudi kwenye darubini, Twiga alikuwa keshafika Kipara. Akacheka peke yake kwamba homa imempa jamaa mabawa. Akainua mikono tena, na tena, kwa raha ya mtu aliyepata wa kumjibu.

Mti uliposimama juu ya Jino, simu ikalia. Alikuwa Twiga. Alisema bado yuko kitandani, mkewe anamkanda, akamtania mpima kama ameshaoa jiwe huko juu. Mpima hakucheka. Akamweleza.

Twiga akanong'ona, "Kaka, umempungia mara ngapi?"

"Nne."

"Usimpungie tena. Huyo haendi asipotumwa, na baada ya Jino ni wewe. Kaa na mikono chini. Jioni nitapandisha watu."

Mpima akaketi, akavikalia viganja vyake. Upepo ukaleta harufu ya nywele zilizoungua, na mlio wa mti ukigonga jiwe kule ng'ambo, lakini aliusikia kama unagongwa mlangoni pa hema, na hata alipofumba macho alijua kwamba yule hajatikisika, kwamba anamtazama, kwamba ana subira kumshinda yeye, na kwamba jioni bado iko mbali.

Mlio ukakoma. Akafumbua macho.

Juu ya Jino, yule mtu aliulaza mti chini, taratibu, akainua mikono miwili.

Miguu ya mpima ikainuka yenyewe, ikashika njia ya korongoni.