Wivu Ulivyotupeleka Walnut Hollow

Mimi ni mtu mwenye wivu. Nasema mapema ili usije ukanisuta baadaye. Jina langu ni Elvin Nissley. Kwa miaka arobaini nilikamua ng'ombe katika bonde letu hapa Pennsylvania. Kisha ng'ombe wakawa wa mpwa wangu. Mimi nikabaki na nyumba, mke na wivu.

Nyumba yetu aliijenga babu yangu. Chumba cha kulala kilikuwa juu, na ngazi yake ilikuwa na vidato kumi na vitatu. Kila asubuhi mke wangu Rhoda alikaanga mayai na soseji, nami nilitia kuni kwenye jiko. Tulisali, tukala, kisha tukafungua gazeti kuona nani amefariki. Watu wa umri wetu huanzia ukurasa huo.

Lakini siku za Jumanne Rhoda hakufungua gazeti. Alipiga pasi gauni lake la buluu, akachana nywele mara mbili.

"Unakwenda harusini?" nilimwuliza.

"Nakwenda kwenye kwaya, kama kila Jumanne."

"Nywele zinachanwa mara mbili kwa ajili ya kwaya?"

"Nilizichana mara moja kwa ajili ya ng'ombe wako miaka yote ile. Hawakunisifu hata siku moja," akasema, akachukua funguo za gari.

Kwaya ilikuwa Walnut Hollow, kijiji cha wazee kilicho maili nne kutoka kwetu. Majirani walikaribishwa kuimba. Sisi Wakristo wa Kimenoni huimba kwa sauti nne bila kinanda, na mtu asiyeweza kuimba huonekana kama hajamaliza kuumbwa. Mimi naimba kama bawaba kavu. Rhoda huimba sauti ya pili. Kando yake alisimama mwanamume mmoja wa sauti ya tatu, mkazi wa huko, Lamar Eby. Nilimwona kanisani mara moja. Ana nywele zote kichwani na mgongo umenyooka kama mwanajeshi.

Lamar hakuwahi kukanyaga kwetu, lakini jina lake lilikuwa linakula na sisi. Lamar kasema hivi. Lamar kanishikia kitabu. Lamar anajua mahali pa kununua mahindi matamu. Mwezi wa tisa Rhoda akaoka pai ya pichi, akaifunika kwa kitambaa safi.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya Lamar."

Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa. Katika ndoa yetu ya miaka hamsini na moja, pai ya pichi ilikuwa yangu. Nilimwonea wivu mtu yule mpaka nikasikia uchungu mdomoni.

Wiki ile ile Rhoda aliniambia jambo lililomkaa moyoni.

"Elvin, nyumba hii imetushinda. Theluji, kuni, ngazi. Twende tukaishi Walnut Hollow."

"Nyumba ya wazee? Mimi bado sijatupwa."

"Si kutupwa. Wana nyumba ndogo, zina bustani. Lamar anasema..."

"Basi nenda ukaishi na huyo Lamar!"

"Umezeeka vibaya," akasema, akaenda kumwaga maji ya vyombo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulianza na kidole gumba, majira ya baridi yaliyopita. Niliuficha mfukoni. Mezani niliukalia. Kwetu mtu halalamiki, na ukiulizwa hali unajibu "siwezi kunung'unika", hata kama fahali amekukanyaga mguu. Basi nikanyamaza, nikaona kunyamaza ni unyenyekevu. Kumbe ilikuwa kiburi tu.

Ili Rhoda asije akasema nimekataa kuhama, nikatafuta kijiji kingine, mbali na Lamar kadiri ilivyowezekana. Nilikiona kwenye tangazo. Kiliitwa Heron Lake, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikaenda peke yangu. Kijana wa mauzo alinitembeza kando ya ziwa, akanipa kahawa, akanionyesha uwanja wa gofu. Sijawahi kucheza gofu. Nikampa mkono nikamwambia tutakuja. Kwetu ukimpa mtu mkono, umemaliza.

Nikiwa narudi nilimkuta jirani yetu, Fern Brubaker, akikusanya majani kwa reki uani kwake. Fern alikuwa muuguzi wa wazee kwa miaka thelathini, na ulimi wake hauna breki. Nikamwonyesha kijitabu chenye picha.

"Ziwa zuri," akasema. "Wauguzi wako wapi?"

"Kuna gofu."

"Ukianguka utauguzwa na gofu?"

Akaegemeza reki yake ukutani.

"Sikiliza, ndugu Elvin. Si kila kijiji cha wazee ni sawa. Hiki ni nyumba tu. Ukiugua, unaondoka. Kijiji kama Walnut Hollow kina ngazi zote za huduma ndani ya uzio mmoja. Wenye nguvu wanakaa kwenye nyumba ndogo, wanajipikia. Anayehitaji kusaidiwa kuoga na kuvaa anahamia jengo la pili. Mgonjwa kabisa yuko jengo la tatu, na wauguzi wako naye usiku na mchana. Aliyepoteza kumbukumbu naye ana mahali pake. Unahama mlango, huhami kijiji."

"Basi nitakwenda siku nikiugua."

"Hapo ndipo watu wanapokosea! Kwa mkataba wa kutunzwa mpaka mwisho wanakupokea ukiwa bado unatembea mwenyewe. Daktari wao anakupima kwanza. Ukisubiri mpaka uanguke, utapelekwa popote palipo na kitanda, pengine wilaya nyingine. Na utakwenda peke yako."

"Na Rhoda?"

"Rhoda atabaki na vidato vyenu kumi na vitatu. Atakuwa anaendesha gari kwenye theluji kuja kukuona."

Nikapiga hesabu haraka haraka. Mimi kitandani wilaya ya mbali. Rhoda peke yake, gauni la buluu, Jumanne kila wiki. Moyo ukanipasuka kwa wivu, kisha kwa hofu.

Fern alikuwa anatazama mfuko wangu wa kushoto.

"Utoe huo mkono, Elvin."

"Mkono gani?"

"Huo unaocheza kama kuku ndani ya gunia. Nimewaona wengi. Umekwenda kwa daktari?"

Nilitikisa kichwa. Hakunigombeza. Alitoa mfukoni bahasha ya mbegu, akaandika nyuma yake maswali ya kuuliza. Mmoja wetu akiugua, mwingine anakaa karibu kiasi gani? Fedha zetu zikiisha bila uzembe wetu, watatufukuza? Ada hupanda kwa kiasi gani kila mwaka? Kijiji chenyewe kina madeni? Tukifa au tukiondoka mapema, tunarudishiwa nini? Chini akaandika kwa herufi kubwa: USISAINI KABLA WAKILI HAJASOMA.

"Na uende bila kutangaza," akaongeza. "Ukialikwa utaonyeshwa maua. Nenda wakati wa chakula. Sikiliza wahudumu wanavyosema na wazee wasioweza kujibu. Hapo utaujua ukweli wa mahali."

Nilikwenda Walnut Hollow Alhamisi asubuhi. Mfukoni nilikuwa na bahasha ya Fern, lakini nisikudanganye. Nilikwenda kumpeleleza Lamar.

Nilimwuliza mama wa mapokezi Eby anakaa nyumba gani. Akatazama saa ya ukutani. "Saa hizi hayuko nyumbani. Yuko jengo la waliopoteza kumbukumbu, anapata kifungua kinywa." Akapiga simu huko, wakakubali niingie, akanipeleka mwenyewe. Njiani tulipita ujia uliofunikwa, usioingia theluji wala kuwa na kidato hata kimoja. Nilimsikia mhudumu akimwambia bibi mmoja, "Tuvae soksi nyekundu au za kijani leo?" Bibi hakujibu. Mhudumu alisubiri, akauliza tena kwa upole, mpaka bibi akagusa nyekundu.

Lamar alikuwa mezani na watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sweta ya njano. Wa pili alikuwa mzee mnene aliyenyolewa vizuri. Mwanamke na yule mzee mnene walikuwa wameshikana mikono juu ya meza, wanacheka. Lamar alikuwa anapaka mkate siagi.

"Ndugu Elvin!" akasema. "Mume wa Rhoda. Kaa. Huyu ni Esther, mke wangu."

Nikamtazama Esther. Nikatazama mkono wake ndani ya mkono wa yule mzee.

"Na huyu?"

"Huyu ni Clair. Esther anaamini Clair ndiye mume wake. Mimi ananijua kama mtu wa jikoni." Akamsogezea Esther mkate. "Mwambie Rhoda pai ya pichi imekwisha. Esther alikuwa amekataa kula siku tatu. Ile aliila."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini swali lilinitoka kabla sijalizuia.

"Huoni wivu?"

"Kila asubuhi," Lamar akasema. "Nikianza kuoga nauona. Nikifunga viatu nauona. Mwaka wa kwanza nilitaka kumpiga Clair kwa trei."

"Sasa mbona unakuja?"

"Kwa sababu ni mke wangu. Kutoka mlango wangu mpaka hapa ni hatua mia mbili na kumi. Wivu wangu unakaa naye meza moja, unampakia mkate siagi. Kaka yangu, mke wake anatunzwa mwendo wa saa tatu kutoka kwake. Yeye ana wivu pia, lakini anakaa nao jikoni peke yake."

Clair akamaliza mkate wake, akanyoosha mkono. Lamar akampakia mwingine.

Nilipofika nyumbani Rhoda alikuwa anamenya matufaha. Nilikaa mbele yake, nikautoa mkono wa kushoto, nikauweka mezani. Ulitetemeka mpaka kijiko kikagongagonga sahani.

"Ninaumwa," nikasema. "Fern anasema niende kwa daktari."

Nilidhani atalia. Badala yake uso wake ukawa mwekundu.

"Fern? Fern anajua?"

"Aliuona mwenyewe."

"Mimi nimeuona tangu Krismasi! Nimebadilisha vifungo vya mashati yako vyote, nimeweka vikubwa ili usihangaike. Nimekuwa nakujazia kikombe nusu. Nimesubiri miezi tisa uniambie. Halafu wa kwanza kuzungumza na wewe ni Fern Brubaker, na reki yake!"

"Unamwonea wivu Fern?"

"Ndiyo, namwonea!" Akatupa tufaha ndani ya beseni. "Unafikiri wivu ni wako peke yako?"

Hapo ndipo nilipomwambia yote, Lamar, pai, Heron Lake na uwanja wa gofu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Kisha akalia kweli, nami nikazunguka meza nikaenda kumshika.

Yaliyofuata tuliyafanya sawasawa. Daktari alisema ni ule ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, akanipa dawa. Nilimpigia simu yule kijana wa Heron Lake nikamwomba radhi. Kuvunja neno langu kuliniuma kuliko habari ya daktari. Tulikula Walnut Hollow mara tatu bila kutangaza. Tuliuliza maswali ya bahasha moja moja. Swali la ada walijibu kwa kuzungukazunguka, tukawabana mpaka wakaleta karatasi za miaka kumi. Wakili alisoma mkataba wote, akatufafanulia maneno mawili ambayo sisi tungeyaruka. Kwenye fomu ya afya Rhoda alinisimamia niandike ukweli, kwa sababu anayeficha ugonjwa anaweza kuvunjiwa mkataba baadaye. Daktari wao aliniangalia nikitembea, nikifunga viatu, nikijimiminia maji. Akasema, "Umekuja kwa wakati. Mwaka mmoja zaidi nisingeweza kukupokea kwa mkataba huu." Nyumba ya babu akainunua mpwa wangu.

Hayo yalikuwa miaka minne iliyopita. Miaka mitatu tuliishi kwenye nyumba ndogo, tukapanda nyanya. Majira ya kuchipua mwaka huu miguu ilianza kunigomea, nikahamia jengo la pili. Rhoda alibaki kwenye nyumba yetu ndogo. Kutoka mlango wake mpaka wangu ni hatua tisini na sita. Hatuhitaji gari. Akiteleza kwenye theluji, nitamwona dirishani.

Juzi asubuhi alichelewa kidogo. Mhudumu wangu, binti mpole aitwaye Daria, alikwisha kuniketisha kwenye kiti, akanipaka povu, akaanza kuninyoa. Mimi mwenyewe siwezi tena kushika wembe. Binti alikuwa ananichekesha kwa habari za mbuzi wa bibi yake. Mara mlango ukafunguka. Rhoda akasimama pale na koti lake, akamtazama Daria, akanitazama mimi ninayecheka.

Akavua koti, akalitundika. Akakunja mikono ya gauni.

"Asante, mwanangu, unafanya kazi nzuri," akamwambia Daria. "Lakini kidevu hicho ni changu. Nipe huo wembe."