Redio ya Mama Heritier

Kila akitoka shule, Elida alivua sare, akala ugali na dagaa, kisha akaketi kwenye kibanda cha baba yake, Thobias, fundi redio wa Katonga, kando ya ziwa. Kazi ya Elida ilikuwa kupasua "maiti". Ndivyo baba alivyoziita redio mbovu zisizo na mwenyewe. Zilitolewa spika, koili za waya na transista nzima, na makasha yakaenda kwa wanunuzi wa chakavu. Redio ya mteja ilifungwa kikaratasi chenye jina. Isiyo na karatasi ilikuwa maiti.

Ulikuwa mwaka ambao wakimbizi walivuka ziwa kwa maelfu kutoka Kongo. Mmoja wao, Mama Heritier, alileta redio yake ya kijani Ijumaa alasiri, baba akiwa ameenda Ujiji mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inakoroma tu. Kila jioni wanasoma majina ya watoto waliopotea. Wangu ni wawili, Heritier na Shukrani. Tulipotezana kule Baraka, siku ya risasi."

"Njoo Jumapili, mama."

Wenzake walikuwa wakimwita wakaogelee. Elida akaiweka redio chini bila karatasi, mbio ziwani.

Jumamosi, akiikuta haina karatasi, aliipasua mwenyewe kama maiti. Alichomoa spika, akaing'oa koili kwa pupa hadi ikakatika. Mama Heritier aliporudi Jumapili, baba akiwapo kibandani, ndipo Elida alipolitambua lile kasha la kijani.

"Labda panya..." alianza. Akamtazama yule mama, uongo ukamshinda. "Baba, ni mimi. Sikuandika jina. Nimeipasua."

Baba hakugomba. Alimwaga gunia la spea, wakatafuta pamoja: spika ya maiti huyu, koili ya yule. Kufika saa kumi na mbili jioni, redio ikasema.

"Heritier wa Baraka, miaka kumi na mmoja, yuko kambini, anamtafuta mama yake."

Mama Heritier alipiga kelele ya furaha. Kisha akasogeza sikio, akisubiri jina la pili. Halikusomwa.

"Pengine Shukrani walimsoma jana, ama juzi," alisema taratibu. "Nani ajuaye?"

"Kesho nitakusindikiza ofisini kwa hao wanaosoma majina, tuulizie," baba alimwambia. Mama Heritier akaondoka ameikumbatia redio, analia.

Elida naye alilia kwa uchungu. Baba akaketi kando yake.

"Umesema kweli, na hilo ni jema. Lakini kazi ya mtu haiachwi njiani, mwanangu. Nimeona ndani ya redio ile, ni waya mmoja tu uliokuwa umeachia. Ungemwambia angoje nirudi, Ijumaa ileile angesikiliza. Spika tumeipata kwenye gunia. Zile jioni mbili za yule mama, tutazitoa kwenye redio gani?"