Fundi Suti na Maumivu Anayoyaficha

Mtaani tulimwita Fundi Suti. Alishona suti zikakaa mwilini barabara. Siku hizi hashoni. Saratani imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Kitandani halali tena, anasinzia kitini akiwa amekaza meno. Mke wake analala peke yake, akimsikia anavyoguna.

Lakini siku ya kliniki, lo! Fundi ananyoa ndevu, anavaa koti, anakaa wima. Daktari akimuuliza, "Unaendeleaje, mzee?" anajibu, "Salama tu, namshukuru Mungu." Mkewe ananyamaza. Atamuumbuaje mumewe mbele ya watu? Basi wanapewa vidonge vile vile, wanarudi nyumbani na maumivu yale yale.

Siku moja jirani yao, muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani, alimkuta Fundi amejikunja kitini, mkewe kando yake.

"Baba, daktari anaijua hali hii?"

"Nimlilie mimi, mtu mzima?"

"Si kulia, Baba. Mwambie panapouma, panauma vipi, na maumivu yanakuzuia kufanya nini. Nawe Mama, sema unayoyaona nyumbani. Msipoelewa, ulizeni tena. Si kosa."

Kliniki iliyofuata, Fundi alivaa koti kama kawaida. "Salama tu," akaanza.

Mkewe alimshika mkono. "Nisamehe, baba watoto. Daktari, si salama. Halali. Anashinda na kukesha kitini."

Fundi alimkazia macho. Kisha mabega yakamlegea, machozi yakamtoka.

"Kweli, daktari. Mgongo unanichoma kama pasi ya moto. Nataka kulala kitandani kwangu, basi."

Daktari alisogeza kiti karibu. "Asante kwa kuniambia. Ugonjwa wenyewe hatuwezi kuuondoa. Maumivu tunaweza kuyapunguza. Nitakupa dawa yenye nguvu zaidi."

"Dawa kali si ndiyo ya kummaliza mtu?" mke aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni ya kutuliza. Mpe kwa saa zake, asisubiri mpaka azidiwe. Ikimletea shida yoyote, nipigieni simu."

Mchana mmoja, wiki ile ile, Fundi alikuwa amejinyoosha kitandani. Mkewe alimwinamia.

"Unaumwa?"

"Kidogo. Hapa kushoto. Nisogezee mto, kisha njoo ulale. Mbona umesimama kama mteja anayepimwa suti?"

Mama wa watu alicheka, akalia, akapanda kitandani.