Pijo la Phelista

Watu wangu wa Bungoma, tulieni niwaambie, maana jambo hili linatuhusu sote. Jumamosi moja ya mwaka 2004, nyumbani kwa Mwalimu Walubengo kulikuwa na amani tele. Mkewe, Phelista, alikuwa akipakia magunia ya vitunguu vya kuuza sokoni Lwakhakha. Mwalimu alikuwa akisugua gari lao, Pijo 504 lililoundwa miaka mingi kabla hawajaoana. Nani hakulipenda gari lile? Lilipanda milima ya Chwele na mzigo wake bila kulalamika.

Walilinunua Kitale kwa Mzee Zachary Ngari, mkulima aliyelitunza tangu likiwa jipya. Pesa zilikuwa za Phelista, jasho lake la vitunguu. Kabla ya kuwapa ufunguo, mzee aliwaambia, "Hii gari si ya kuangalia tu. Kila Jumamosi fungua boneti kwanza, cheki maji na oili, ndio uoshe. Kama hamtaweza, ni heri mniachie."

Phelista alitaka wakafikirie kwanza. Mwalimu aliitikia papo hapo, kwa sababu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba gari linakuja kuombewa.

Na likaombewa kweli. Mwalimu akalinunulia vitambaa vya viti, akalipaka rangi upya. Boneti hakuigusa, ati angechafua shati. Nisameheni, lakini hapo huwa nakasirika.

Jumamosi hiyo ya 2004, wakiwa njiani kwenda Lwakhakha, mshale wa joto la injini ulipanda.

"Baba Ivy, simama tuongeze maji," Phelista alisema.

Mbele yao akina mama wa kanisa walikuwa wakiwapungia mikono.

"Si hapa. Watasema tulinunua kitu mbovu."

Akawapita akitabasamu. Kwenye mlima uliofuata injini ilichemka, ikakohoa, ikazimika. Siku ya soko ikapotea.

Fundi aliyeitwa alisema hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, afadhali waliuze kama chuma chakavu. Bila gari, biashara ya Phelista ilikuwa imekwisha. Hakukubali. Alikodi lori likalivuta gari hadi Kitale, akakaa kwa binamu yake mtaani Tuwan wiki mbili, na kila asubuhi akaenda kwa Mzee Zachary kufundishwa. Natamani mngemwona mama yule ndani ya ovaroli, akifungua nati moja moja! Hedi ilinyooshwa, rejeta iliyokuwa ikivuja maji ikazibwa, injini ikawaka.

Mwalimu alipofika Kitale kumchukua mkewe, alimkuta bado yumo ndani ya ovaroli.

"Mama Ivy, nisamehe," alisema. "Nilijali macho ya watu, nikasahau jasho lako."

Phelista alimsamehe, lakini ufunguo hakumpa. Alimpa ovaroli, akamwambia alale chini ya gari aangalie kama kuna mahali pengine panapovuja.

Funzo

Ukitaka kununua gari kuukuu, usijiulize kama linapendeza, kwani hilo linaonekana. Jiulize kama uko tayari kuchafuka kwa ajili yake. Na wewe mume, jasho la mkeo usiligeuze kuwa sifa zako barabarani.